Mnara wa taa wa zamani kijijini kwenu: jinsi ya kuutunza bila kuuharibu

Huku kwetu kusini, kuanzia Kilwa mpaka Msimbati, minara na alama za zamani za kuongozea meli watu wameshazizoea, wanapita tu. Mnara umezimwa, pembeni wamesimamisha nguzo ya chuma yenye taa ndogo ya sola, nahodha ana ramani kwenye simu, basi ule wa mawe unabaki wa popo na wa vijana wanaotafuta sehemu nzuri ya kupiga picha. Alafu siku moja anakuja mtu mwenye nia njema kabisa, kanunua mifuko ya simenti na ndoo za rangi, anasema tuukarabati, na hapo ndo mnara unaanza kuharibika kwa kasi. Ndo maana naandika huu mwongozo. Kazi ya kwanza ni kuujua mnara, ni wa nani, umejengwa kwa nini, unaumwa wapi, ukishayajua hayo ndo unagusa ukuta, na rangi iwe ya mwisho kabisa.

Kwanza ujue ni wa nani

Watu wengi wanaliruka hili, wanadhani mnara uliozimwa ni wa kijiji au hauna mwenyewe. Una mwenyewe. Shida ni kwamba umepita mikono mingi na kila ulipohama mkono kuna karatasi zilipotea. Angalia safari yenyewe: Wajerumani waliishika pwani hii kwa nguvu mwaka 1890, Kilwa, Lindi, Mikindani, na miaka iliyofuata wakaanza kujenga maboma na taa za kuongozea meli zao. Boma la Mikindani ni la 1895, na kule wilaya ya Kilwa kwenye kisiwa cha Fanjove, visiwa vya Songo Songo, kuna mnara wa taa wa Wajerumani wa miaka hiyohiyo ya 1890. Baada ya vita ya kwanza ya dunia akaja Mwingereza, mwaka 1948 reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika zikawekwa chini ya shirika moja, 1969 bandari zikapewa shirika lake peke yake, 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na kila nchi ikachukua vya kwake, na TPA, mamlaka ya bandari tunayoijua leo, ilitokana na sheria ya bandari ya 2004. Alafu kuna TASAC, hawa wamekuja na sheria ya 2017, wao ni wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini. Kwaiyo faili la mnara wenu linaweza kuwa limelala popote kwenye huo mstari.

Mlango wa kuanzia ni ofisi ya bandari Mtwara, ambayo inasimamia pia Lindi na Kilwa. Ila usiende wewe kama wewe. Anza kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa na mtendaji, omba mnara uwe ajenda kwenye mkutano mkuu, watu waongee, muhtasari uandikwe, usainiwe, upigwe muhuri. Barua inayokwenda bandari iwe ya kijiji na muhtasari umeambatanishwa, kopi iende kwa afisa utamaduni wa halmashauri na Idara ya Mambo ya Kale iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Kwenye barua uliza mambo matatu tu: mnara na eneo lake viko chini ya nani, je bado umo kwenye orodha ya alama za kuongozea meli, na kijiji kinaweza kuruhusiwa kufanya nini, kusafisha, kupima, kupiga picha. Barua fupi inajibiwa, ile ya kurasa tano inawekwa pembeni. Usiombe kukarabati kwenye barua ya kwanza, hata kama moyo unakusukuma.

Kuhusu sheria kuna jambo moja inabidi kila mtu wa pwani alijue. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Misikiti na makaburi ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako humo kwa umri wake, na tangu 1981 yako kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Lakini mnara wa Mjerumani wa miaka ya 1890 umekuja baada ya hiyo 1863, kwaiyo haulindwi mpaka waziri mwenyewe atangaze kwenye gazeti la serikali. Yaani mtu anaweza kudhani mnara una ulinzi kwa sababu ni wa zamani kumbe hauna kitu. Kwaiyo lile ombi la kutangazwa ndo lengo lenu la mbele, na kila kitu ninachoeleza hapa chini, vipimo, picha, historia, ndo ushahidi mtakaoambatanisha siku hiyo ikifika.

Wazee kwanza, mafaili baadae

Mafaili yatakusubiri, wazee hawatakusubiri. Ukichelewa mwaka mmoja utakuta msiba. Nenda asubuhi, usiende msimu wa korosho watu wako mashambani au wako kwenye chama cha msingi wanafuatilia malipo, nenda na mtu anayemfahamu, shikamoo babu, kaa, ongea habari nyingine kwanza. Omba ruhusa ya kurekodi kwa simu, na uliza kama anataka jina lake litajwe au lisitajwe.

Usimuulize "niambie historia ya mnara" maana atakujibu yale anayodhani unataka kusikia. Muulize vitu vya kushikika. Nani alikuwa anawasha? Alikuwa anapanda saa ngapi? Mafuta yalikuwa yanakuja na chombo gani na yanashushwa wapi? Ilikuwa mafuta ya taa au mitungi ya gesi? Mnara ulikuwa na rangi gani? Taa ilikuwa inawaka moja kwa moja au inawaka na kuzima, na ikizima unahesabu mpaka ngapi ndo inawaka tena? Hili la mwisho ni dhahabu, kwa sababu kila mnara ulikuwa na mpigo wake, nahodha akihesabu usiku anajua hapa ni Kilwa siyo Lindi, na mzee akikumbuka mpigo unaweza kuulinganisha na vitabu vya zamani vya orodha za taa za baharini.

Miaka wazee wengi hawaikumbuki kwa namba, kwaiyo tumia matukio. Kimbunga kilichopiga Lindi Aprili 1952 ni kipimo kizuri sana huku kwetu, waliokuwepo hawajakisahau, na waliozaliwa baadae wamesimuliwa na wazazi wao. Kuna mradi wa karanga wa Mwingereza ulioanza 1947, ambao ndo ulileta bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea iliyokuja kung'olewa miaka ya 60, kuna uhuru 1961, jumuiya kuvunjika 1977, vita ya Kagera, mvua za El Niño za 1997 na 1998. Muulize mzee, taa ilizimwa kabla ya vita ya Kagera au baada? Ukipanga majibu ya wazee kadhaa kwenye mstari wa hayo matukio unapata miaka iliyokaribiana sana, na pale wanapopishana andika vyote viwili, usichague.

Kuna nahodha mmoja mstaafu wa huku kwetu aliwahi kunionyesha jinsi walivyokuwa wanautumia mnara mchana, taa haina kazi. Alinyoosha mkono, akasimamisha kidole cha shahada, akafumba jicho moja. Kidole ndo mnara, akasema, na nyuma yake kuna mbuyu, ukiwa nje mbuyu unauona kushoto kwa mnara, unaingia taratibu mpaka mnara unaufunika mbuyu wote, hapo uko katikati ya mlango, shika hapohapo, ukiona mbuyu umetokeza upande wa pili umeshapita, mwamba uko chini yako. Hiyo elimu haimo kwenye faili lolote. Ukiipata, panda chombo na mzee au na mwanae, nenda mpaka hiyo sehemu mnara unapoufunika mbuyu, piga picha na uandike lokesheni. Na mbuyu nao uingie kwenye orodha ya vitu vya kulindwa, maana bila mbuyu mnara umepoteza nusu ya kazi yake.

Msiwasahau akina mama wanaokwenda pweza kwenye miamba maji yakitoka. Wao wanajua ukingo wa bahari ulikuwa wapi walipokuwa wasichana na leo uko wapi, na hiyo taarifa utaihitaji sana tukifika kwenye mambo ya bahari.

Ukishamaliza wazee, ndo uende kwenye karatasi. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iko Upanga, Dar es Salaam, ina mafaili ya enzi ya Mjerumani na ya Mwingereza. Ya Mjerumani mengine yameandikwa kwa mkono wa zamani ambao hata Wajerumani wa leo wanapata tabu kuusoma, lakini unaweza kutafuta maneno mawili tu, Leuchtturm, yaani mnara wa taa, na Leuchtfeuer, yaani taa ya kuongozea meli, ukiyaona pamoja na jina la sehemu yenu piga picha ukurasa mzima kwa utaratibu wao, utatafuta msomaji baadae. Mafaili mengine ya wizara ya makoloni yako Berlin, kwenye Bundesarchiv, fungu linaitwa R 1001, na mengi yameshawekwa kwenye intaneti, unayaangalia ukiwa Mtwara na bando lako. Enzi za Mwingereza usitafute "mnara" peke yake, tafuta kwenye mafaili ya bandari, reli na kazi za umma, maana taa zilikuwa zinachanganywa humo.

Kuupima

Hii haihitaji injinia. Unahitaji futi kamba ndefu, kijiti kilichonyooka cha mita moja, daftari na simu.

Urefu unaupata kwa kivuli. Simamisha kijiti wima juani, pima kivuli chake, alafu hapohapo bila kuchelewa pima kivuli cha mnara kuanzia ukutani mpaka ncha. Mnara wa duara inabidi uongeze nusu ya upana wa kitako, kwa sababu ncha iko katikati ya mnara siyo ukutani. Mfano, kijiti cha mita 1 kimetoa kivuli cha nusu mita, kivuli cha mnara ni mita 6 kutoka ukutani na kitako kina upana wa mita 4, kwaiyo unahesabu 6 jumlisha 2 ni 8, zidisha mara mbili, mnara una mita 16.

Hapo unaweza kujua pia mnara ulikuwa unaonekana mpaka wapi. Chukua kimo cha taa kutoka usawa wa bahari, siyo kutoka chini ya mnara, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 2.08, unapata maili za baharini. Mnara wa mita 16 ukiwa kwenye kilima cha mita 9 taa iko mita 25 juu ya bahari, kipeuo ni 5, kwaiyo maili 10.4. Nahodha naye macho yake yako juu ya maji, tuseme mita 4, anaongeza maili 4.2. Jumla 14 na nusu hivi, karibu kilomita 27, hapo ndo mwanga unaanza kuchungulia. Watoto wa sekondari wakifanya hili zoezi mbele ya mnara wao wenyewe wanauangalia kwa jicho jingine kabisa, na hao ndo watakaoutunza kesho.

Picha piga kila upande, simama umbali uleule, asubuhi na jioni kwa sababu jua la pembeni linaonyesha nyufa na mabonde ya lipu ambayo saa sita huyaoni. Kila ufa upigwe karibu ukiwa umeweka rula pembeni. Nyufa kubwa bandika kipande chembamba cha kioo juu yake kwa jasi, kiguse pande zote mbili, andika tarehe. Kioo kikipasuka ujue mnara unatembea, na hiyo ni habari ya kupeleka kwa injinia wa halmashauri haraka. Kisipopasuka mwaka mzima, mvua na kiangazi, ufa ni wa zamani na umeshatulia. Droni usirushe bila kibali cha TCAA, yaani mamlaka ya usafiri wa anga, na kama mnara uko karibu na bandari au eneo la vyombo vya ulinzi hata picha za kawaida omba ruhusa kwanza.

Kabla ya kupanda ndani, soma hapa

Hapa nawaomba msiharakishe. Mwaka 1822 Mfaransa anaitwa Augustin Fresnel alibuni lenzi ya vipande vya kioo vilivyopangwa kwa miduara, inayokusanya mwanga wa taa ndogo na kuurusha mbali sana baharini. Lenzi kubwa zilikuwa na uzito wa kutisha, na ili zizunguke kwa wepesi ziliwekwa zielee kwenye beseni la zebaki. Kama mnara wenu ulikuwa na taa ya kuzunguka na juu kuna beseni la chuma la mviringo, au kuna matone ya fedha yanayokimbia sakafuni kwenye nyufa za mbao, usiguse, usifagie, usikae humo, toka, funga mlango, toa taarifa bandari na kwa afisa mazingira. Mvuke wa zebaki hauna harufu na unaharibu ubongo na figo. Kuna vijana wa wachimbaji wadogo wanaijua zebaki na watataka kwenda kuichota, kwaiyo hii habari isitangazwe kwenye magrupu.

Minara mingine ilitumia gesi ya asetilini. Msweden Gustaf Dalén alipata tuzo ya Nobel mwaka 1912 kwa valvu zinazodhibiti hiyo gesi, mojawapo inafunga mchana jua likitoka na kufungua usiku, ndo ikawezekana taa ikae bila mtu kulala hapo. Ukikuta mitungi ya zamani iache ilipo. Rangi za zamani nazo nyingi zina risasi, kwaiyo usikwangue na kusaga kavu, vumbi lake ni sumu hasa kwa watoto. Ngazi za chuma zilizoliwa na kutu zinaonekana nzima kwa juu, gonga kila kidaraja kwa nyundo ndogo kabla ya kukanyaga, kikilia kwa sauti nzito ya kufa usikanyage. Na nyuki, jamani, wanapenda sana minara.

Vyuma na shaba viorodheshwe na kupigwa picha siku ya kwanza, bawaba, vitasa, kengele, vibao vya jina la kiwanda. Kibao kimoja kidogo cha shaba kinaweza kukwambia lenzi ilitengenezwa mji gani na mwaka gani, na ndo kitu cha kwanza kuishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kijiji kiweke hiyo orodha kwa mtendaji, watu wakijua kitu kimeandikwa wanaogopa kukigusa.

Ukuta: chumvi, simenti na chokaa

Sasa tumefika kwenye ugonjwa wenyewe. Pitisha kiganja kwenye ukuta wa mnara upande wa baharini. Utaona unga mweupe wenye chumvi unabaki mkononi, na chini ya lipu kuna sehemu ukigonga inalia utupu. Kinachotokea ni hiki: hewa ya bahari na mvua vinaingiza maji ya chumvi kwenye ukuta, jua likiwaka maji yanatoka yanakuwa mvuke, chumvi inabaki inaganda kuwa fuwele, fuwele zinakua ndani ya vitundu vya ukuta na zinausukuma mpaka unamenyeka. Hilo halizuiliki kabisa, ila ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe na chokaa unalivumilia kwa sababu chokaa ni laini na inapumua, maji yanatoka kirahisi, kinachomenyeka ni lipu ya nje tu ambayo ni kazi yake kumenyeka na kupakwa upya.

Ukipiga simenti juu yake umeziba pua. Maji yaliyomo ndani hayatoki, yanapanda juu, yananyemelea mawe yenyewe, chumvi inakwenda kugandia kwenye jiwe, na miaka michache baadae lipu ya simenti inadondoka ikiwa imeng'oa uso wa jiwe. Nimeona kuta huku kwetu ambapo simenti imebaki imesimama kama ganda na nyuma yake jiwe limekuwa mchanga, unaingiza kidole. Kuongeza nondo ndo mbaya zaidi, nondo inashika kutu, inavimba, inapasua. Kwaiyo fundi yeyote akikwambia tutaweka simenti kidogo tu kwenye chokaa ili ishike haraka, mshukuru, mkatae.

Kuijua lipu ya zamani ni rahisi. Kwangua kwa msumari sehemu iliyokwisha kuvunjika, chokaa itatoa unga mweupe au wa rangi ya maziwa, na ukiangalia vizuri utaona vipande vya kombe na chembe za mkaa uliobaki kwenye tanuri. Simenti ni ya kijivu, ngumu, msumari unateleza. Chora ramani ya mnara kwenye daftari, weka alama wapi ni chokaa ya asili, wapi ni simenti ya juzi.

Chokaa tutaipata wapi? Zamani tulichoma matumbawe, na huku Mtwara na Lindi ilikuwa biashara kubwa ya watu wa pwani. Hiyo iacheni kabisa. Kuvunja matumbawe ni kosa kisheria na ndo yanayovunja mawimbi yasiulambe huo mnara mnaoutunza, na wa Msimbati mnajua, hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay iko hapo tangu 2000. Nunua chokaa ya viwandani iliyochomwa kwa mawe ya chokaa ya nchi kavu. Kama ni mawe hai ambayo hayajazimwa, weka maji kwanza kwenye pipa alafu tia chokaa kidogokidogo, usimwage maji juu ya chokaa, inachemka na kuruka, vaa miwani na glavu, watoto wasiwe karibu kabisa. Ikishazimika ichujwe, iachwe ndani ya maji imefunikwa, wiki kadhaa ndo kidogo kabisa, miezi mitatu ni bora. Hiki kipindi cha kusubiri ndo kinawashinda wengi, wafadhili wanataka picha kabla ya mwisho wa mwezi. Wasubiri.

Mchanga usiwe wa ufukweni, uwe wa mtoni, mkali, umeoshwa kwa maji baridi. Kipimo cha kawaida ni debe moja la chokaa kwa madebe matatu ya mchanga. Lowesha ukuta kwanza, piga lipu nyembamba, sentimita moja hivi kwa mpako, acha siku kadhaa kabla ya mpako unaofuata, na funika kwa magunia ya katani yaliyolowa maana upepo wa kusi unakausha haraka na lipu ikikaushwa kwa nguvu inapasuka. Msimu wetu wa mvua ni mmoja, kuanzia Novemba Disemba mpaka Aprili au Mei, kwaiyo kazi ya chokaa ifanyike kiangazi, ila kwenye jukwaa la juu usipande mtu Juni mpaka Agosti kusi ikiwa imeshika. Septemba ndo mwezi wa kazi.

Na tafuta mafundi waliowahi kushika chokaa. Boma la Mikindani lilikuwa gofu, likafufuliwa miaka ya 1990 na shirika la misaada la Uingereza linaloitwa Trade Aid, leo ni hoteli. Kilwa Kisiwani nako wamekarabati Gereza, yaani ile ngome ya zamani, na misikiti kwa chokaa kwa miaka mingi, mpaka UNESCO ikaitoa Kilwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2014, ilikuwa imewekwa humo 2004. Mafundi wa kazi kama hizo wako huku huku Mtwara na Lindi, na fundi mmoja wa hao akikaa na vijana wenu wawili watatu kiangazi kimoja ina faida kuliko semina yoyote.

Usibadilishe rangi, usiwashe taa

Hata mnara uliozimwa bado ni alama ya mchana. Kama kwenye ramani za baharini umeandikwa ni mweupe na nyinyi mkaupaka mistari ya kampuni ya simu au bendera, nahodha mgeni atachanganyikiwa. Rangi ibaki ileile, na ikibidi kubadilika bandari na TASAC wajue kwanza ili watoe tangazo kwa mabaharia. Kupaka tumia chokaa nyepesi, mipako mingi myembamba, siyo rangi ya plastiki ambayo inaziba ukuta sawa na simenti.

Taa ya kuwaka na kuzima kwa ajili ya watalii au sherehe ni hatari kabisa, mtu aliye baharini usiku anaweza kuifuata akaishia kwenye mwamba. Mkitaka kuuangazia mnara, taa zielekezwe ukutani kutoka chini, na hilo pia kwa ruhusa.

Bahari yenyewe

Weka vigingi au alama kwenye miti, pima kutoka ukutani mpaka ukingo kila mwaka mwezi uleule, na baada ya kila dhoruba. Angalia bamvua maji yakiwa yamejaa kabisa yanafika wapi. Maji yakitoka, shuka chini uangalie kama mwamba umekulwa kwa ndani ukawa pango, maana juu panaweza kuonekana pazima kumbe chini hakuna kitu. Baada ya kimbunga Hidaya, Mei 2024, kilichokata barabara kule Somanga, kila ukingo wa pwani hii unastahili kupimwa upya.

Mikoko inasaidia kuvunja mawimbi, Kilwa Kisiwani waliipanda kulinda magofu, ila inakubali zaidi penye tope, kwenye mchanga mtupu na mwamba mtapoteza miche mingi. Kwenye mchanga watu hupanda mivinje, sawa, lakini iwe mbali na mnara, mizizi inaingia kwenye msingi. Mkuyu ukiota ukutani usiung'oe kwa nguvu ukishakuwa mkubwa, utatoka na mawe, ukate, uache mzizi ufe taratibu, alafu zibeni kwa chokaa.

Pesa na watu

Kamati iwe ndogo na ndani yake wawepo wavuvi, watu wa BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni), akina mama wa pweza, mwalimu, na mtendaji kama katibu. Mkipata ruhusa ya kupokea wageni, kiingilio kiandikwe kwenye kitabu cha risiti na sehemu yake itengwe kwa ajili ya chokaa ya kila mwaka kabla ya kugawana kitu kingine chochote, maana mnara wa chokaa unahitaji kupakwa mara kwa mara na hiyo ndo gharama isiyoisha. Tarehe 1 Julai kila mwaka ni siku ya dunia ya alama za kuongozea vyombo baharini, ni siku nzuri ya kuwaita watu wa bandari na shule waje, wazee wasimulie mbele ya watoto.

Kumbukumbu zenu, sauti, picha, vipimo, barua, ziwe na kopi tatu, moja kwa mtendaji, moja shuleni, moja kwa afisa utamaduni wa halmashauri, na zile picha ambazo hazina siri pandisheni Wikimedia Commons, hazina ya picha ya bure kwenye intaneti, zikiwa na tarehe na jina la sehemu lililoandikwa sawasawa, kusudi ziendelee kuwepo hata simu zikiibiwa. Oktoba kabla mvua hazijaanza, pandeni na ufagio, toeni kinyesi cha popo kwenye mifereji ya maji mkiwa mmefunika pua na mdomo, angalieni kama maji ya mvua yatapata njia ya kutoka juu bila kuingia ukutani, na mkague vile vioo vya kwenye nyufa.